Aliinua Glasi, Mkuu Anasema Alikubali Kukatwa Mshahara

Mshauri,

Salamu. Nisaidie kabla ya Alhamisi ijayo. Alhamisi ikipita usijisumbue tena kunijibu.

Nina miaka sitini na tatu. Mke wangu amefariki, huu mwaka wa nne. Nilibeba vyuma kwenye kiwanda cha meli miaka ishirini na sita, kikafungwa. Sasa naendesha gari la njano la shule ya jioni ya Kiingereza, zile ambazo watoto wanakwenda wakitoka shule yao ya kawaida. Asubuhi nafagia madarasa na kuosha vyoo. Kuanzia saa saba nabeba watoto. Kusoma nimeishia darasa la sita, kwa hiyo nikikosea vumilia. Usitaje mji wetu. Sema mji wa bandari, inatosha, Korea ina bandari nyingi.

Shuleni tuna mwalimu mgeni mmoja. Anaitwa Nokwazi, katoka Afrika Kusini. Huu mwaka wake wa tatu na sisi, mkataba unaisha mwisho wa mwezi huu wa pili. Mshahara wake ni won milioni mbili na laki tatu, na chumba shule inamlipia. Pesa anatuma kwao, ana mdogo wake anasomea uuguzi, ada ni yeye.

Mimi namjua kuliko wengine wanavyomjua. Yeye ndiye anakaa garini na watoto wadogo mpaka wa mwisho ashuke, ndiyo namshusha na yeye. Mtoto akitapika, na wakati wa baridi wanatapika sana kwa sababu ya hita, tambara anashika yeye. Mara ya kwanza nilimwambia mwalimu acha, hiyo kazi yangu. Akasema Mzee wewe endesha, hii harufu ikikaa tutatapika wote. Kikorea chake kajifunzia kwangu, humo humo garini. Anaongea kama mtoto wa miaka mitano anayegombania kiti. Shule ikitangaza jambo, mimi ndiye namrudilia polepole.

Adabu za mezani nilimfundisha mimi pia. Glasi ya mkubwa unaipokea kwa mikono miwili. Ukinywa mbele ya mkubwa unageuza uso pembeni. Wenzako wakiinua, yako haibaki chini. Alicheka, lakini alishika yote.

Mkuu wa shule ni mwanamke, Mkuu Pyo. Nikueleze huyu ni nani kwangu.

Mke wangu alipofariki sikuwa na mtu. Sina mtoto wa kiume. Nina binti, yuko Kanada, na ndege ilizuiwa na theluji. Ndugu wa mke wangu walikuja, wakala, wakaondoka. Mkuu Pyo alifunga shule siku tatu. Zote tatu alikuwa ukumbi wa msiba. Alivaa aproni, akagawa supu, akaosha bakuli, watu wakadhani ni dada yangu. Kuna saa wageni walikatika kabisa. Meza kumi na mbili, hakuna mtu. Akachukua bakuli lake akakaa meza ya katikati akala peke yake, taratibu, ili ukumbi usionekane mtupu. Nilimwona. Mpaka leo hajalitaja. Hata hii juzi hakulitaja. Angelitaja ningekasirika, na hasira ingenisaidia.

Sasa sikiliza.

Mwisho wa Novemba tulikwenda kula nyama, wafanyakazi wote saba. Mkuu ndiye analipa. Nyama ikawekwa juu ya moto, soju ikamiminwa. Mimi sinywi nikiwa na gari, nilimiminiwa soda. Katikati ya kula Mkuu akasimama. Akasema watoto walikuwa sabini, sasa arobaini na mmoja. Akasema shule mpya ya ng'ambo ya barabara imetuchukulia watoto. Akasema ameuza gari lake, na ni kweli aliuza, siku hizi anapanda basi. Akasema kuanzia Disemba mishahara itapungua kidogo, tubebe pamoja, hali ikitulia atarudisha. Aliongea haraka, kwa lafudhi ya kwetu, sauti inatetemeka kidogo. Akasema tuinue. Tukainua. Nokwazi naye akainua, mikono miwili, akageuza uso, akanywa. Basi tukaendelea kula.

Mwisho wa Disemba Nokwazi akapata milioni moja na laki nane. Laki tano hazipo. Alidhani ni benki imekosea. Akaenda benki, wakamwambia hiyo ndiyo iliyotumwa. Akaenda kwa Mkuu. Mkuu akamwambia si tulikubaliana mezani, wewe si uliinua glasi. Mwisho wa Januari ikawa hivyo hivyo. Nokwazi akaenda ofisi ya kazi ya serikali akashtaki. Sasa wameitwa wote wawili, Alhamisi ijayo, saa nne asubuhi.

Juzi Mkuu akaniita ofisini. Nilikuwa na fagio mkononi. Akanipa kahawa, akanisogezea karatasi, akasema soma.

Ilikuwa na mistari mitatu. Kwamba tarehe fulani, mbele yangu, Mkuu alitangaza mishahara kupungua. Kwamba mwalimu Nokwazi alipokea glasi kwa mikono miwili, akainua pamoja na wote, akanywa. Kwamba hakupinga, siku ile wala kesho yake. Chini jina langu, na pa kugonga muhuri.

Akaniuliza, "Kuna uongo hapo?"

Nikasoma tena. Nikasema hakuna.

"Basi sikuombi uongo, Dereva. Nakuomba ulichoona."

Nikamwambia Mkuu, yule mgeni.

"Mgeni miaka mitatu? Mgeni gani anageuza uso akinywa? Wewe ndiye ulimfundisha, na amefundishika kweli kweli."

Nikashika kikombe. Kahawa ikapoa. Akasema ofisi ya kazi wakimpa haki yule, itabidi alipe kwa mkupuo, na hana, atafunga shule kabla ya majira ya kuchipua. "Na wewe, na miaka yako sitini na tatu, nani atakupa gari?" Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayekukumbusha mwavuli.

Muhuri wangu wa jina, ule wa kugonga badala ya sahihi, uko kwenye droo yake. Ya wafanyakazi wote iko humo, miaka yote, kwa ajili ya kupokelea mizigo na karatasi za bima. Angeweza kugonga mwenyewe nisijue. Hakugonga. Alisema anataka nigonge mimi, kwa mkono wangu. Nimemwambia nipe mpaka wiki ijayo.

Mshauri, kuna kitu nimekiruka. Nilidhani ningeweza kukuandikia bila hicho. Siwezi.

Pale mezani Nokwazi alikuwa ubavuni mwangu, anakata nyama kwa mkasi. Mkuu alipomaliza kuongea, Nokwazi akaniinamia akaniuliza Mzee amesema nini. Kikorea cha haraka vile hakiwezi. Wenzetu wote walikuwa wameshainua. Ya kwake tu iko chini, na Mkuu anatazama upande wetu. Nikamwambia, "Kunywa kwanza, nitakwambia."

Akanywa.

Sikumwambia. Tulipokuwa garini akauliza tena. Mzee, Mkuu alisema nini, mbona kama alitaka kulia. Nilikuwa nimeshika usukani. Nikasema maneno ya mwisho wa mwaka tu, mwaka ulikuwa mgumu. Nilifikiri Mkuu mwenyewe atamwita kesho amweleze vizuri, kwa karatasi. Nilifikiri habari mbaya ya mtu si mimi wa kuipeleka. Sijui nilifikiri nini. Siku zikaenda. Kila jioni tuko wawili garini na sikusema, mpaka siku ya mshahara.

Kuna kingine. Mshahara wangu haukukatwa. Disemba ulikuja wote. Nikasema labda karani kasahau, watakata Januari. Januari ukaja wote. Bi Bong anayefundisha sarufi aliniuliza wako vipi, nikasema mzima, akasema wake pia mzima, tukaangaliana tukaachana. Nikanyamaza tena.

Wiki iliyopita watoto walipokwisha kushuka, Nokwazi alikuja kukaa kiti cha mbele. Akasema, "Mzee, ile siku niliyokuuliza. Pale ofisi ya kazi sitakutaja. Nimewaambia tu sikuelewa. Wewe una kazi hii moja tu."

Nikamwambia asante.

Fikiria. Nimemwambia asante.

Basi niambie. Nikigonga, sijasema uongo, kila kilichoandikwa pale kilitokea. Nisipogonga nimemtupa mtu aliyekaa kwenye msiba wangu wakati damu yangu haikukaa. Na nikisema lile nililomwambia Nokwazi, nimewamaliza wote, Mkuu na mimi, na labda Bi Bong na wengine shule ikifungwa. Binti yangu nilimpigia. Akasema Baba, ugua. Alhamisi hiyo ugua, lala kitandani, wamalizane wenyewe. Nimefikiria kuugua. Mgongo wangu unauma kweli, sitakuwa nadanganya sana.

Jina langu usiliweke.

Dereva wa gari la njano


MSHAURI ANAJIBU

Mzee wangu, pole kwa mke wako. Miaka minne si mingi.

Majina ya watu uliowataja nimeyabadilisha. Leo ni Jumatatu, gazeti hili utalisoma garini ukisubiri watoto, na una siku tatu. Kwa hiyo sitazunguka.

Hutaugua. Mwambie binti yako anakupenda lakini yuko mbali, na aliye mbali anaona kitanda ndiyo dawa. Ukilala Alhamisi, ile karatasi itakwenda bila wewe. Leo Mkuu hajagonga muhuri wako kwa sababu anaamini utagonga. Akikukosa asubuhi ya Alhamisi na droo iko mbele yake, mimi sijui atafanya nini, na wewe hujui. Kwa hiyo leo hii, kabla hujapakia mtoto wa kwanza, ingia ofisini, omba muhuri wako, utie mfukoni. Huhitaji kueleza. Ni wako.

Sasa hiyo karatasi. Mara mbili umeniandikia kwamba haina uongo. Ungeamini hivyo usingeniandikia. Mwalimu alipokea glasi, kweli. Aliinua, kweli. Alikunywa, kweli. Alikunywa kwa sababu mtu anayemwamini kuliko wote pale mezani alimwambia anywe na kwamba atamweleza baadaye. Hilo halimo. Ukigonga muhuri chini ya mistari ile mitatu, mkaguzi wa kazi atasoma kwamba mwanamke mzima alisikia, akaelewa, akakubali. Utakuwa umemfanya aamini kitu ambacho wewe unajua hakikutokea. Waliokwenda shule na wasiokwenda, sote tunajua hiyo inaitwaje.

Nikukaripie kidogo, maana umekuja kwangu ukijua nitakukaripia. Pale mezani nakuelewa. Glasi zimeinuka, mkubwa anatazama, ulimi unatoka na adabu kabla kichwa hakijafika. Mimi pia ningemwambia anywe. Lakini garini, Mzee? Mlikuwa wawili. Hakuna glasi, hakuna mkubwa. Alikuuliza waziwazi, ukamwambia maneno ya mwisho wa mwaka. Halafu wiki tano ulimshusha mlangoni kila jioni ukamwambia lala salama, na unajua mshahara wake unakatwa. Angejua Novemba, angekwenda kwa Mkuu Novemba, angesema sikubali, na leo kusingekuwa na karatasi ya kukusumbua. Hilo umelifanya wewe. Hakulifanya Mkuu.

Na Mkuu naye tusimwonee haya. Nakubali alichokufanyia. Kula peke yake katikati ya meza kumi na mbili ili ukumbi usiwe mtupu, mimi nimesoma hapo nikaweka barua chini kwanza. Huyo si mtu mbaya. Lakini jiulize. Miaka mitatu kila tangazo la shule linamfikia mwalimu kwa kupitia nani? Kwako. Mkuu analijua hilo. Alimwona akikuinamia. Mtu anayetaka mfanyakazi wake akubali kukatwa, kesho yake asubuhi anamwita, anamwekea karatasi kwa lugha anayoisoma, anamwambia hali ni hii. Karatasi ameijua alipohitaji muhuri wako. Alipohitaji ridhaa ya mwalimu, glasi ilitosha.

Kuna jambo hukuliona, na mimi nisingeliona kama nisingempigia mtu aliyekaa miaka mingi kwenye meza za ofisi ya kazi. Mwalimu akimaliza mkataba anadai kiinua mgongo, mshahara wa karibu mwezi mmoja kwa kila mwaka aliokaa. Hesabu yake inapigwa kwa mshahara wa miezi mitatu ya mwisho. Mkataba unaisha Februari. Hesabu kwa vidole: Disemba, Januari, Februari. Anayekatwa miezi hiyo mitatu hapotezi miezi mitatu tu. Kila mwaka aliofanya kazi unapigiwa hesabu kwa mshahara uliokatwa. Sisemi Mkuu alikaa akapanga hivyo. Moyo wake siujui, na mtu mwenye madeni huokota popote. Nasema ndiko ilikoangukia, na nasema pia kwamba mlioinua glasi mlikuwa saba. Wako mzima, wa Bi Bong mzima. Kama kunywa ni kukubali, mbona wewe uliyeinua soda hukukatwa?

Hilo swali halihitaji maneno. Linahitaji kitabu chako cha benki. Kesho pitia benki, wachape kurasa za Novemba, Disemba na Januari, uzibebe. Bi Bong mwambie unachokwenda kufanya, umuulize kama ataleta zake. Muulize mara moja. Akikataa, mwache, ana sababu zake na ana watoto labda.

Tuje kwenye deni. Hapa ndipo umekwama, hayo mengine uliyajua.

Deni lipo. Sitakwambia halipo, mtu akikaa siku tatu kwenye msiba wako unadaiwa mpaka ufe. Lakini deni hilo ni lako wewe na marehemu mkeo. Lilipe kwa kilicho chako. Una mikono, una mgongo japo unauma, una mdomo wa kumtetea sokoni watu wakimsema. Siku Mkuu akifiwa, kaa siku tatu, osha bakuli. Unachotaka kufanya sasa ni kumlipa kwa ada ya mtoto wa watu anayesomea uuguzi upande mwingine wa dunia. Hiyo si mali yako, Mzee. Mkeo angejua mazishi yake yamelipwa kwa mshahara wa yule binti anayeshika tambara, ungemtazamaje siku ya kumwekea meza yake ya chakula cha kumbukumbu?

Kwa hiyo usimzunguke Mkuu. Nenda kwake kabla ya Alhamisi, mchana, kaa kitini, fagio uliache nje. Ule msiba asioutaja yeye, utaje wewe. Mwambie: Mkuu, siku ile ulikula peke yako ili ukumbi usiwe mtupu, nilikuona, sijasahau. Halafu mwambie: Mwalimu aliniuliza umesema nini, nikamwambia anywe kwanza, na sikumweleza. Alhamisi nitasema hivyo. Nimekuja kukwambia wewe wa kwanza ili usilisikie pale mbele ya watu.

Atakasirika. Acha akasirike. Akimaliza mwambie bado ana siku za kumrudishia mwalimu milioni yake moja, na Februari amlipe kamili, na wakimalizana hivyo mbele ya mkaguzi labda jambo litaishia hapo. Kama hana kwa mkupuo, aombe kulipa mara mbili au tatu kwa maandishi. Shule hazifungwi kwa milioni moja. Kama milioni moja inaifunga, basi ilikuwa inafungwa, na si glasi ya Nokwazi itakayoizuia.

Kwa mwalimu nenda leo hii hii. Usingoje aje kiti cha mbele. Mwambie nitaje. Mwambie vilevile ana haki ya kuomba mkalimani ofisi ya kazi, aombe kesho asubuhi, wasije wakamweka tena mtu wa kuchagua nini cha kumwambia na nini cha kumficha. Na mwombe radhi. Usimpe maelezo marefu ya kwamba ulifikiri hivi ukafikiri vile. Hata kwangu umeshindwa kuyamaliza. Sema nilikudanganya garini, nisamehe. Akikaa kimya mpaka kwake, umwendeshe kimya mpaka kwake.

Halafu kaa nyumbani uandike ushahidi wako mwenyewe. Usitafute mtu wa kukuandikia kwa maneno mazuri. Umeniandikia mimi nikaelewa, na mkaguzi ataelewa. Andika alichosema Mkuu, alichouliza mwalimu, ulichojibu wewe. Andika ulichosema garini. Andika mshahara wako ulikuja mzima. Ukimaliza, hapo ndipo pa kugonga muhuri.

Umeniuliza bila kuuliza kama utabaki na kazi. Sijui. Huenda Mkuu akakuweka kwa aibu, huenda akakutoa kwa hasira. Akikutoa, mwombe sababu kwa maandishi, uende nayo ofisi ile ile ya kazi, uchukue namba ukae kama alivyokaa mwalimu. Miaka sitini na tatu si rahisi, sikudanganyi. Utahangaika. Huenda ukaosha vyombo mahali, ukalinda geti mahali. Nimekufikiria sana hapo, na bado jibu langu ni lile lile. Mwalimu alikuwa tayari kupoteza kesi ili wewe usipoteze gari, na hakukuomba kitu. Mzee wa miaka sitini na tatu hawezi kupokea zawadi ya namna hiyo kutoka kwa binti wa watu aliyekuja kutafuta riziki, akainama, akasema asante.

Alhamisi ni saa nne. Fika saa tatu na nusu, umevaa koti lako zuri. Chumba chenyewe ni kidogo, nimeambiwa, meza moja ndefu, mlalamikaji upande mmoja na mwajiri upande mwingine. Utamkuta Mkuu ameshakaa, na kiti cha pembeni yake kitakuwa wazi, kwa sababu wewe ni mtu wake na kila mtu anajua. Mwinamie kwa salamu kama siku zote. Kisha zunguka meza, ukae kando ya mwalimu.